Sampuli ya mvinyo unaochachuka: dalili, sababu na la kufanya

Mtu anayetengeneza mvinyo wa rozela, ndizi, nanasi au zabibu nyumbani hufika siku ya tatu au ya nne akashikwa na hamu ya kufungua ndoo achungulie. Hapo ndipo malalamiko huanza: namba haishuki, kizibo cha maji (kile cha juu ya ndoo kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) kimemeza maji yake, juu pametanda kitu cheupe, koki inatoa tope. Mengi ya hayo hayakuletwa na hamira. Yameletwa na mkono unaochota, au ni kipimo kilichosomwa vibaya. Kabla ya kuongeza hamira au sukari, kagua kwanza ulivyochota na ulivyosoma.

Maelezo haya ni ya ndoo au dumu la lita 20 hivi na haidromita ya mvinyo, yaani kile kioo kinachoelea ndani ya sampuli kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji: sukari ikiwa nyingi namba iko juu, ikiliwa na hamira inashuka. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia.

Namba za kukumbuka ni chache. Maji safi husoma 1.000. Juisi iliyotiwa sukari kwa ajili ya mvinyo huanzia 1.080 hadi 1.100. Mvinyo uliokauka, yaani uliomaliza sukari yake, huishia kati ya 0.990 na 1.000. Toa kipimo cha mwisho kwenye cha kwanza, zidisha kwa 131.25, utapata asilimia ya kilevi kwa makadirio: ulioanza 1.090 ukaishia 0.996 una kilevi cha asilimia 12 na kidogo.

Tena, usiazime kifaa cha kazi nyingine. Laktomita ya maziwa imegawanywa kwa namba chache za katikati, kwa hiyo juisi yenye sukari itairusha juu ya mistari yake na mvinyo uliokauka utaizamisha. Ile ya fundi betri usiiguse kabisa, hata ukiambiwa imeoshwa. Imezoea asidi na risasi.

Kipimo hakishuki, na kizibo bado kinabubujika

Gesi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mvinyo unaochachuka umejaa gesi, na viputo vyake hung'ang'ania kioo cha haidromita vikainyanyua, ukasoma 1.044 wakati ukweli ni 1.038. Mimina sampuli kutoka kikombe kimoja kwenda kingine mara kadhaa mpaka povu lipungue, kisha itie kwenye silinda. Tumbukiza haidromita taratibu, ishike shingo kwa vidole viwili, izungushe. Utaona viputo vinaachia kioo kimoja kimoja na haidromita inazama mistari miwili, mitatu. Ikitulia soma, izungushe tena, soma tena. Zikilingana, hiyo ndiyo namba yako.

Sababu ya pili ni haidromita isiyoelea. Sampuli ikiwa kidogo inakaa chini, na silinda ikiinama inaegemea ukuta. Kwa mvinyo wa ndizi kuna na nyama za tunda zinazoibana. Chuja sampuli kwa kitambaa kilichochemshwa, jaza silinda mpaka haidromita iwe huru pande zote, na uiweke mezani badala ya kuishika mkononi.

Tatu, jicho. Kimiminika hupanda kidogo kwenye shingo ya haidromita, na wengi husoma pale kilipopanda. Inama jicho liwe sawa na uso wa kimiminika, usome usawa wa uso wenyewe. Rozela nzito ni nyekundu mpaka haionyeshi kitu, kwa hiyo weka tochi ya simu nyuma ya silinda.

Nne, joto. Haidromita nyingi hupimiwa nyuzi 20 (imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kioo, isome). Nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa ina nyuzi 30 mchana, na hapo unaongeza 0.0025 hivi juu ya unachosoma. Si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kupima rozela iliyotoka jikoni: ikiwa na nyuzi 50, kipimo kinapungua kwa takriban 0.010, na utaongeza sukari isiyohitajika. Subiri ipoe.

Tano, kama unatumia refraktomita, ile ya kudondoshea tone moja na kuchungulia kwenye mwanga, ujue kilevi huidanganya. Mvinyo uliokwisha kukauka unaweza kuonyesha Brix (kipimo cha sukari kwa asilimia) 7 au 8, na mwenye nao akaamini sukari bado ipo. Refraktomita ni nzuri siku ya kwanza. Hamira ikishaanza kazi, rudi kwenye haidromita.

Umekagua yote hayo na kwa siku tatu namba ni ileile, tena iko juu ya 1.010? Sasa una haki ya kusema uchachukaji umekwama. Anza na baridi: usiku wa Makete, Njombe au Limuru unaweza kuilaza hamira. Sogeza ndoo ndani, ifunike blanketi, ifikishe nyuzi 20 hadi 25, usubiri siku mbili. Kisha tazama kipimo cha kwanza. Kama ulianza juu ya 1.110 ukatumia hamira ya mkate, yawezekana hamira imechoka, kwani haivumilii kilevi kama hamira ya mvinyo. Dawa yake ni kuamsha hamira ya mvinyo kwenye kikombe cha juisi ya vuguvugu, na kuilisha mvinyo uliokwama kidogo kidogo mpaka izoee, ndipo uimimine.

Rozela ina tatizo lake. Ni chachu mno, na pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unazidi) ikishuka chini ya 3 hamira hufanya kazi kwa shida. Pima kwa karatasi za pH. Ikiwa ni hivyo, punguza ukali kwa kalsiamu kaboneti ya daraja la chakula, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Usitumie magadi, yatakuachia chumvi na ladha ya sabuni.

Halafu kuna chakula cha hamira. Maji ya rozela na sukari hayana naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo watu husoma kwamba inahitajika DAP, chumvi yenye naitrojeni, na kukimbilia duka la pembejeo. Mbolea ya DAP si ya kutia kwenye kinywaji. Ina uchafu wa madini, kadimiamu ikiwemo, ambao kwa mahindi shambani huvumilika lakini haufai kuingia kwenye glasi. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, au chemsha kijiko cha hamira ya mkate kwenye maji kidogo ife kabisa, uipoze na kuimimina. Hamira hai hula mabaki ya iliyokufa.

Kipimo cha kwanza ni kidogo mno, au cha pili kimepanda

Mvinyo hauongezeki sukari wenyewe. Karibu kila mara jibu ni moja: sukari ililala chini. Uliimimina, ukaongeza maji, ukakoroga mara mbili tatu, ukachota juu na kupata 1.060. Siku iliyofuata ukachota kwa koki, ambayo iko chini, ukapata 1.095. Siku ya kwanza koroga mpaka mkono uchoke, kwa mwiko mrefu unaofika chini, kisha upime. Hewa siku hiyo haidhuru, hamira inaihitaji mwanzoni. Baada ya hapo hewa inakuwa adui.

Kama umezoea kuongeza sukari kwa awamu, andika kila awamu ni gramu ngapi. Gramu 17 za sukari kwa lita huongeza takriban asilimia 1 ya kilevi, na bila kumbukumbu hiyo hesabu ya mwanzo na mwisho haina maana.

Ukifungua koki, kizibo kinanyonya maji yake

Ndoo imefungwa vizuri, umefungua koki, sampuli inatoka, na mara kizibo cha maji kinaanza kububujika kinyumenyume: maji yake yameingia ndani ya mvinyo. Ulichotoa chini lazima kijazwe na kitu juu. Kabla ya kufungua koki, chomoa kizibo au legeza kifuniko, na ukimaliza rudisha mara moja.

Maji yakishaingia, yote yanategemea yalikuwa maji gani. Yaliyochemshwa, au pombe kali kama vodka, hayana neno. Maji ya bomba yaliyokaa wiki mbili na vinzi viwili ndani yake ni habari nyingine: mvinyo ukiwa bado unachemka kwa nguvu huenda ukaponea, ila ufuatilie harufu. Kuanzia leo jaza kizibo kwa vodka, au kwa maji yaliyochemshwa unayoyabadilisha kila wiki.

Koki haitoi, inatoa tope, au inavuja

Haitoi: mara nyingi ni ombwe, kwa sababu umefungua koki bila kulegeza kifuniko. Kama si hilo, ni ganda la rozela au kipande cha ndizi kilichoziba. Usipulize kwa mdomo kurudisha ndani. Geuza koki wazi na kufunga mara kadhaa, na ikigoma, chota kwa juu. Kuzuia ni rahisi: matunda yakae ndani ya mfuko wa kitambaa tangu siku ya kwanza.

Inatoa tope: koki imekaa chini ya usawa wa masimbi, yaani mashapo yaliyotuama chini ya ndoo. Mwaga kikombe cha kwanza, pima cha pili. Wengine huinua upande wa koki kwa kipande cha ubao siku ya kwanza ili masimbi yalale nyuma. Inasaidia.

Inavuja: ndoo nyingi tunazotumia ni zile za kunawia mikono, na koki yake ilitengenezwa kwa maji, si kwa wiki tatu za mvinyo wenye asidi. Washa ya mpira huwa imekaa upande wa nje peke yake. Kwa sasa kinga bakuli chini, kaza nati kwa mkono, na kama inaendelea kudondoka hamishia mvinyo kwenye dumu. Usijaribu kubadili washa ndoo ikiwa imejaa. Kabla ya kutumia ndoo tena, ijaze maji uiache usiku mzima kwenye sakafu kavu.

Povu linafumka ukifungua au ukichovya

Umechovya upawa, au umetia sukari kavu, na povu jekundu liko dari. Gesi iliyoyeyuka hutoka kwa mkupuo ikipata chembe za kujishikia. Katika siku tatu za mwanzo, povu likiwa limefika karibu na kifuniko, usichote kabisa, kwani hakuna namba utakayoipata ambayo itabadilisha uamuzi wowote. Ukilazimika kuongeza sukari, iyeyushe kwanza kwa maji uliyoyachemsha, ipoe, imimine polepole.

Kizibo kikiziba kwa povu na kifuniko kimevimba, usiinamie. Funika kwa taulo, legeza upande mmoja ulio mbali na uso wako, gesi itoke kwanza.

Baada ya kuchota, utando mweupe au harufu ya siki

Hii ndiyo dalili inayomaliza mvinyo mwingi, na karibu kila mara ina historia ya kuchungulia kila siku.

Fikiria kinachotokea. Hamira ikiwa na nguvu, nafasi iliyo juu ya mvinyo imejaa gesi ya kabonidayoksaidi, na hewa haina pa kukaa. Ukifungua, gesi hiyo inasambaa. Mwanzoni hamira huijaza upya baada ya muda mfupi. Uchachukaji ukipoa haina tena nguvu hiyo, hewa inabaki, na bakteria wa siki wanaohitaji hewa wanapata walichokuwa wanasubiri. Na kila ulichochota hakikurudi, kwa hiyo nafasi tupu imezidi kuongezeka.

Sababu kwa mpangilio: kufungua mara nyingi kipindi cha mwisho, chombo cha kuchotea ambacho hakikusafishwa, sampuli iliyorudishwa ndooni baada ya kupimwa, mdomo wa koki ulioachwa na mabaki, vinzi vya matunda. Ya nne haitiliwi maanani. Ukichungulia kwenye mdomo wa koki siku mbili baada ya kuchota, utakuta ute wa waridi, pengine na kinzi kimoja kimenasa. Sampuli inayofuata inapita humo humo.

Namna ya kuchota isiyo na lawama ni hii. Upawa wa stenlesi chemsha dakika tano. Bomba kubwa la sindano la duka la dawa na mpira wake, pamoja na silinda na haidromita, osha, kisha pulizia spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke. Hakikisha si ile spiriti ya kuwashia jiko, ambayo huwekwa sumu makusudi ili isinywewe. Koki ipulizie ndani ya mdomo kabla, na baada ya kuchota isuuze kwa maji ya moto, ipulizie tena, ifunike kwa kipande cha nailoni na raba. Usinyonye mpira kwa mdomo kama anayechota petroli, kinywa kina bakteria wake. Sampuli ikishapimwa ionje au imwage, isirudi.

Ukitumia Jik, suuza sana kwa maji yaliyochemshwa, la sivyo mvinyo utakuja na ladha ya plasta ya kidonda, na ladha hiyo haitoki. Kamwe usichanganye Jik na siki au asidi yoyote, gesi yake hudhuru mapafu.

Sasa, umeshauona utando. Ukiwa mwembamba, mkavu kama vumbi la unga, hauna manyoya na harufu bado ni ya mvinyo, uokoaji unawezekana. Nyonya mvinyo kutoka chini ya utando kwa mpira, uingize kwenye dumu dogo linalojaa mpaka shingoni. Kama uchachukaji umekwisha, tia karibu gramu 2 za potasiamu metabisulfaiti, unga wa kuhifadhi mvinyo, kwa lita 20. Mwenye pumu asiipime yeye, na mvinyo huo asipewe.

Harufu ikiwa ya siki kweli, hakuna kurudi nyuma. Tengeneza siki ya saladi kwa makusudi, mbali na ndoo nyingine, na vifaa vyake usivichanganye tena. Na ukiona ukungu wenye manyoya, wa kijani, bluu au mweusi, mwaga wote. Usichuje.

Sampuli inanuka mayai viza

Mara nyingi ni hamira iliyokosa chakula au kupata joto kali. Siku za mwanzo tia chakula chake na upoze ndoo kwa kitambaa chenye maji, itapungua yenyewe. Ikibaki mpaka mwisho, hamisha mvinyo uache masimbi. Utamu uliobaki kwenye sampuli ya siku ya nne si tatizo, wala uchachu wa ajabu. Mvinyo mchanga una ladha mbaya, usiuhukumu.

Wanywaji wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, watashangaa kelele zote hizi, kwani mbege hunywewa ikiwa bado inachemka na hakuna anayetafuta haidromita. Ni sawa, lakini mbege haifungwi kwenye chupa ikakaa miezi sita.

Haidromita imevunjika ndani ya ndoo

Acha. Usichuje kwa kitambaa, usisubiri vioo vitue. Vipande vidogo havionekani, na tumbo la haidromita lina vichembe vya chuma au risasi. Mwaga mvinyo wote. Ndiyo maana haidromita haitumbukizwi kwenye ndoo yenyewe, hata kama inaonekana kuokoa sampuli.

Namba imetulia, lakini je, umekwisha?

Kizibo kilichonyamaza si ushahidi, huenda kifuniko kinavuja. Kinachobubujika nacho si ushahidi, joto la mchana peke yake hutoa gesi iliyoyeyuka. Ushahidi ni vipimo viwili vilivyolingana vilivyopishana siku tatu, vikiwa 1.000 au chini yake. Kwa hiyo sampuli zinazohitajika kweli ni chache: siku ya kwanza, siku mapovu yanapopungua, na hizo mbili za mwisho.

Zikilingana kwenye 1.010 au 1.020, usifunge kwenye chupa kwa sababu tu umechoka kusubiri. Hamira iliyolala huamka, na sukari iliyobaki hapo inatosha kupasua chupa ya kioo. Kama umeshafunga na vizibo vinasukumwa juu, usizishike kwa mkono mtupu wala kuzitikisa. Watoe watoto, zifunike kwa blanketi nzito, vaa glavu nene na miwani. Chupa za plastiki legeza vifuniko kidogo kidogo. Za kioo zinazotoka mvinyo pembeni ziache zipoe kwanza bila kuzisogelea.

Wakati wa kuacha na kuita wengine

Chumba kidogo kisicho na dirisha chenye mapipa kadhaa ni hatari isiyo na harufu. Kilo moja ya sukari hutoa zaidi ya lita 250 za gesi, na gesi hiyo hukaa chini. Ukiinama kuchota ukahisi kizunguzungu au pumzi kukatika, toka nje, acha mlango wazi, usirudi peke yako. Mwenzako akianguka humo, usimfuate kwa pupa. Fungua kila kinachofunguka na uite msaada.

Ukitaka kuuza, haidromita ya nyumbani haitoshi. Kwa Tanzania, SIDO (shirika la viwanda vidogo) hutoa mafunzo ya usindikaji, na usalama wa vyakula na vinywaji uko chini ya TBS (shirika la viwango) tangu 2019. Kilevi cha kuandika kwenye lebo kipimwe maabara. Na usikubali ushauri wa kuuchemsha mvinyo uliokwama ili kupata pombe kali. Hiyo ni gongo, ina kesi yake mahakamani.

Mvinyo uliochachushwa tu haupofushi mtu. Lakini mtu akinywa kinywaji chochote, hasa kilichoongezwa spiriti, kisha akalalamika kuona ukungu machoni, kichwa kuuma vikali, kutapika au kupumua kwa kasi, usimpe maziwa wala kumwacha alale. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe chupa aliyoinywa wakaipime.